Kweli au Uongo: Mambo Kumi Tunayoambizana Kuhusu Tangi la Choo

Kabasa ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Bunda, mkoani Mara, na Ziwa Victoria haliko mbali. Lakini kukaa jirani na ziwa ni jambo moja, kupata maji bombani ni jingine. Watu wa Musoma, Bunda na Butiama wanalijua hilo vizuri: wanaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na bado hesabu ya maji nyumbani hufanywa kwa ndoo ya lita 20. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama, unaochukua maji ziwani na kuyapandisha hadi vijijini. Miradi ya namna hii hugharimu fedha nyingi na watu huisubiri kwa miaka.

Ndiyo maana inauma kuona maji hayo yakifika nyumbani, yakapita kwenye tangi la choo na kuishia shimoni bila kumfaa mtu. Choo cha ndani kinapoingia katika nyumba mpya, tangi la kuflashi huja nacho, na siku likianza kusumbua kila mtu ana neno lake. Jirani atasema hili, shemeji atasema lile, na muuza duka la vifaa vya ujenzi atasema nunua jipya. Haya hapa madai kumi yanayosikika sana, na ukweli wa kila moja. Mengi ya matatizo haya utayamaliza mwenyewe ndani ya saa moja, ukikubali kwanza kuinua mfuniko na kutazama.

1. "Tangi likivuja tutajua tu, sakafu italowa."

Uongo. Uvujaji unaokula maji zaidi hauonekani sakafuni. Maji hushuka kimyakimya kutoka kwenye tangi hadi kwenye sinki la choo, hupita ukutani mwa sinki kama utepe mwembamba, na kwenda moja kwa moja shimoni. Kazi ya boya ni kufungua maji kila kimo kinaposhuka, kwa hiyo litaendelea kujaza usiku kucha.

Pima hivi. Hakikisha tangi limejaa, kisha funga koki ndogo iliyo ukutani chini yake. Inua mfuniko, chora alama ya penseli ndani ya tangi sawasawa na maji yalipoishia. Mwambie kila mtu nyumbani asitumie choo hicho kwa nusu saa. Ukirudi, maji yakiwa palepale kwenye alama, tangi halivuji kwa chini. Yakiwa yameshuka, chukua rula.

Hesabu yake ni rahisi. Tangi lenye nafasi ya ndani ya sentimita 40 kwa 15 hubeba lita 0.6 katika kila sentimita moja ya kimo. Maji yakishuka sentimita 5 kwa nusu saa, umepoteza lita 3. Hiyo ni lita 6 kwa saa na lita 144 kwa siku: ndoo saba na zaidi. Kwa mwezi ni zaidi ya lita 4,000, yaani uniti nne za maji kwenye mita.

Kama huna koki ya kufunga, tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi, subiri nusu saa bila kuflashi, halafu tazama kwenye sinki. Rangi ikionekana huko, kuna njia ya maji isiyotakiwa.

Anayetumia simtanki huumia mara mbili, kwa sababu maji aliyoyanunua au kuyavuta kwa pampu yanaisha bila kutumika. Shimo nalo linaumia. Shimo la maji taka lililochimbwa kwa matumizi ya familia moja linapokea lita 144 za ziada kila siku, udongo unashindwa kuyanywa, na gari la kunyonya maji taka linaitwa kabla ya wakati wake. Wengi humlaumu aliyechimba shimo, kumbe maji yanatoka kwenye tangi.

2. "Choo hakisukumi vizuri kwa sababu presha ya bomba ni ndogo."

Uongo. Nguvu ya kuflashi inatoka kwenye maji yaliyokwisha kujaa tangini: wingi wake, kimo chake juu ya sinki na kasi yanavyoachiliwa. Presha ya bomba inaamua jambo moja tu, nalo ni muda wa tangi kujaa tena.

Unaweza kulithibitisha mwenyewe. Acha tangi lijae, funga koki, kisha flashi. Maji yatashuka kwa nguvu ileile ingawa hakuna hata tone linaloingia kutoka bombani.

Kwa hiyo choo kisiposukuma, tafuta sababu hapohapo. Kwanza, angalia kimo cha maji. Matangi mengi yana mstari wa kuonyesha maji yaishie wapi. Pasipo mstari, maji yaishie sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba la kumwagia maji ya ziada. Yakiishia chini sana, unaflashi kwa nusu ya maji unayostahili. Pili, angalia matundu yaliyo chini ya ukingo wa sinki. Yakiziba kwa uchafu au ukoko mweupe, maji hushuka upande mmoja tu. Yafungue kwa waya mwembamba au mswaki wa zamani. Tatu, angalia mkono wa kuflashi na kiungo chake ndani ya tangi, maana waya uliolegea hauinui kinachotakiwa kuinuliwa.

3. "Maji yakifurika, pinda mkono wa boya, kazi imeisha."

Kweli, lakini nusu. Katika vali ya boya ya zamani, yenye mkono wa shaba au chuma na mpira wa plastiki mwishoni, kupinda mkono kuelekea chini kidogo hufanya vali ijifunge mapema, na kimo cha maji hushuka. Vali mpya za plastiki hazipindwi. Zina skurubu au klipu ya kupandisha na kushusha boya. Kama tatizo lilikuwa kimo tu, hapo umemaliza.

Ila kuna tatizo jingine linalofanana na hilo kwa macho. Inua boya kwa mkono hadi juu kabisa. Maji yakiendelea kuingia, ubovu uko ndani ya vali, na hata ungepinda mkono huo hadi ukatike maji hayatakoma. Ndani ya vali kuna washa ndogo ya mpira, pana kama kucha ya kidole gumba, inayoziba tundu la maji. Ikichakaa, au chembe ya mchanga ikikaa juu yake, haizibi tena.

Mchanga huo ni mgeni wa kawaida sehemu zenye mgao wa maji. Bomba likikauka siku mbili tatu, maji yanaporudi hubeba tope na kutu. Kwa hiyo maji yakirudi, fungua kwanza bomba la nje, acha uchafu umwagike kwenye ndoo ya kumwagilia bustani, na baada ya hapo ndipo uyaruhusu kuingia kwenye tangi la choo. Kama uchafu umeshaingia, funga koki, fungua kichwa cha vali, suuza washa na tundu lake, geuza washa upande ambao haujachakaa au weka mpya. Washa ni kati ya vitu vya bei ndogo kabisa katika duka la vifaa vya ujenzi. Nenda na ile ya zamani mkononi ili upewe ya ukubwa huohuo.

Litikise boya pia. Ukisikia maji ndani, limepasuka na haliwezi tena kuelea inavyotakiwa. Badilisha boya peke yake. Wakati unasubiri kwenda mjini, chupa ndogo ya plastiki iliyofungwa vizuri na kukazwa kwenye mkono huo itafanya kazi kwa siku kadhaa.

4. "Ukipampu mkono mara nne tano ndipo kiflashi, ujue tangi limekufa."

Uongo, na hapa ndipo watu hutupa tangi zima kwa ajili ya kipande cha plastiki.

Matangi mengi ya zamani katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza yanatumia saifoni. Ni bomba lililopinda ndani ya tangi, mfano wa herufi U iliyogeuzwa. Ukivuta mkono, sahani iliyo chini ya saifoni hupanda na kusukuma maji juu ya pindo lile. Maji yakishavuka, yanavuta wenzake hadi tangi linabaki tupu. Sahani hiyo ina matundu, na juu ya matundu imelala karatasi ya plastiki iitwayo diaframu. Sahani inapopanda, maji huikandamiza diaframu juu ya matundu, nayo huyaziba. Inaposhuka, diaframu hunyanyuka na kuyapitisha maji.

Diaframu ikichanika, maji hupenya kwenye matundu badala ya kupanda. Ndiyo maana unapampu na kupampu. Tangi halina kosa lolote.

Kuibadilisha ni kazi ya utulivu. Funga koki. Flashi, kisha kausha maji yaliyobaki chini kwa kitambaa. Fungua nati ya paipu inayoshuka kwenye sinki, halafu nati kubwa inayoshika saifoni chini ya tangi; weka ndoo chini, maana maji kidogo yatamwagika. Kama tangi limekaa juu ya sinki lenyewe, itabidi ulifungue bolti zake na kulinyanyua kwanza. Toa saifoni, chomoa kiungo cha mkono, vuta sahani. Utaiona diaframu, mara nyingi imepasuka katikati au imekunjamana ukingoni. Duka likiwa nayo, nunua. Ikikosekana, chukua plastiki nzito na laini, weka ile ya zamani juu yake kama kipimo, kata kwa mkasi kufuata ukingo wake. Isiwe kubwa hata kidogo, la sivyo itakwaruza ukuta wa saifoni na kukwama. Rudisha kila kitu kwa mpangilio uleule ulivyokitoa.

Faida ya saifoni inafaa kujulikana. Kwa kuwa maji lazima yapande ndipo yatoke, haiwezi kuvuja polepole kama kizibo cha mpira kinavyofanya kikichakaa. Kwa sababu hiyo Uingereza ililazimisha matumizi yake kwa miongo mingi, na vyoo vya vizibo viliruhusiwa tena huko mwaka 2001 tu. Kwa hiyo kama choo chako ni cha saifoni na maji yanatiririka bila kukoma, karibu kila mara mwenye kosa ni vali ya boya. Rudi kwenye dai la tatu.

Matangi mapya ya kubonyeza kitufe juu hayana saifoni. Yana kizibo chenye mpira wa duara chini. Hapo uvujaji wa kwenda kwenye sinki hutokana na mpira huo kuchafuka au kukakamaa. Mara nyingi kizibo huzungushwa robo mzunguko na kutoka bila spana. Osha mpira, ugeuze, futa sehemu unapokaa, rudisha. Ukiendelea kuvuja, nunua mpira mpya.

5. "Boya ni boya, chukua lolote dukani."

Uongo. Vali za boya hutofautiana kwa ukubwa wa tundu la maji. Vali ya presha kubwa ina tundu dogo, kiasi cha milimita 3. Ya presha ndogo ina tundu pana, kiasi cha milimita 6. Baadhi yake zimepigwa muhuri wa herufi: HP kwa presha kubwa, LP kwa presha ndogo.

Hili linawahusu sana wenye simtanki. Kila mita 10 za kimo hutoa presha ya bar 1. Simtanki lililowekwa juu ya mnara wa mita 3 linatoa karibu bar 0.3 tu. Ukifunga hapo vali yenye tundu dogo, tangi la choo litachukua muda mrefu sana kujaa, na mtu wa pili akiingia atakuta nusu tangi. Kinyume chake, vali yenye tundu pana ikifungwa kwenye bomba la mtandao lenye presha kubwa, maji yatalishinda nguvu boya na tangi litafurika, hasa usiku ambapo watumiaji ni wachache na presha hupanda.

Kabla ya kununua, jua basi maji yako yanatoka wapi. Mwambie muuzaji, "Natumia simtanki," au "Natumia bomba la mtandao." Kama nyumba inabadilisha kati ya hivyo viwili kulingana na mgao, chukua ya presha kubwa na uvumilie kusubiri, kusubiri hakumwagi maji.

6. "Weka tofali ndani ya tangi, utaokoa maji."

Wazo ni la kweli, tofali ni kosa. Kitu chochote kinachochukua nafasi ndani ya tangi hupunguza maji yanayotoka kila unapoflashi. Matangi mengi ya zamani hushika lita 9, wakati vyoo vya sasa hutosheka na lita 6 au pungufu. Mwaka 1980 huko Australia, Bruce Thompson wa kampuni ya Caroma alibuni choo cha vitufe viwili, maji machache kwa haja ndogo na mengi kwa haja kubwa, na leo vitufe hivyo viwili vinauzwa hadi kwetu.

Lakini tofali la udongo au la saruji likilowa siku nyingi huanza kumeguka. Chembe zake zinaingia chini ya mpira wa kizibo na ndani ya vali, na tangi linaanza kuvuja maji mengi kuliko uliyotaka kuyaokoa. Tumia chupa ya plastiki ya nusu lita au lita moja, ijaze maji, funga kifuniko, isimamishe pembeni isiguse boya wala kiungo cha mkono. Kisha jaribu choo kwa wiki. Ikiwa sasa unalazimika kuflashi mara mbili, iondoe, maana hujaokoa kitu.

7. "Tia jiki au tembe za klorini tangini, litakaa safi."

Uongo. Klorini ikikaa tangini siku nzima hula mpira. Washa, mpira wa kizibo na diaframu hukakamaa, hupasuka na kuanza kuvuja. Klorini kazi yake ni kwenye sinki, inapopakwa, kusuguliwa na kusuuzwa.

Hatari kubwa zaidi ni kuchanganya dawa. Jiki ikikutana na asidi ya kusafishia vyoo hutoa hewa ya klorini, hewa ileile iliyotumika kama silaha katika Vita ya Kwanza ya Dunia mwaka 1915. Katika choo chenye dirisha dogo, mtu anaweza kudhurika vibaya mapafu na macho. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, na nyingine iache kwa siku nyingine.

Kama kuna ukoko mweupe kwenye vali au matundu ya sinki, dawa yake ni siki au maji ya ndimu. Loweka kifaa usiku mmoja, asubuhi sugua kwa mswaki. Ukoko huu ni wa maji magumu ya visima. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, hivyo anayepata maji ya ziwa ataona tope na mchanga zaidi kuliko ukoko. Ukijua chanzo cha maji yako, unajua pia cha kusafisha.

8. "Maji ya chooni hayawezi kurudi kwenye bomba."

Uongo, na hili ni la afya ya nyumba nzima. Maji yakikatika na mtu wa bondeni akafungua bomba lake, maji yaliyobaki mabombani hushuka na kuacha uvutaji nyuma yake. Mdomo wowote wa bomba uliozama ndani ya maji wakati huo unaweza kuvuta maji hayo na kuyaingiza kwenye bomba la kunywa.

Angalia sehemu mbili. Ndani ya tangi, maji lazima yaingie kutoka juu ya kimo cha maji, au vali iwe na tundu la kuingiza hewa. Baadhi ya vali za zamani zina kijibomba kinachoshuka hadi chini ya maji ili kupunguza kelele. Kikiwa hakina tundu la hewa, kiondoe. Nje ya tangi, angalia mpira wa kuchambia ulio kando ya choo. Usiuache kamwe ukiwa umetumbukia ndani ya ndoo au sinki. Utundike kwenye ndoano yake, na funga koki yake ukimaliza. Siku ya mgao ndiyo siku ya hatari.

9. "Tangi likiharibika, choo hakitumiki."

Uongo. Tangi ni njia moja tu ya kufikisha maji kwenye sinki. Ndoo ni njia nyingine. Mimina lita 5 au 6 kwa mkupuo mmoja, kutoka kimo cha kiuno, ukilenga katikati ya tundu. Ukimimina polepole sinki litajaa na kushuka bila kusukuma kitu. Mimina mengine kidogo mwishoni ili maji yabaki kwenye pindo la sinki, kwa sababu maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na wadudu kupanda kutoka shimoni.

Na kwa nyumba isiyo na maji ya uhakika, choo cha kuchuchumaa cha kumwagia maji, kinachotosheka na lita 1 hadi 3, ni chaguo la heshima kabisa. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 ilihamasisha vijiji vya Tanzania kuchimba vyoo kwa nguvu zao wenyewe, na kampeni ya "Nyumba ni Choo" iliyozinduliwa mwaka 2017 imeendeleza kazi hiyo. Hakuna kampeni kati ya hizo iliyosema choo bora lazima kiwe na tangi. Choo bora ni kile kinachotumika, kinachosafishwa na kilicho na maji ya kunawa mikono karibu.

10. "Hiyo ni kazi ya fundi, tena mwanaume."

Uongo kwa sehemu kubwa. Kwanza kuhusu mwanaume: anayejua zaidi thamani ya lita moja ya maji katika nyumba nyingi za Mara ni mama na binti, kwa sababu ndio wanaoibeba. Ufundi bomba unafundishwa katika vyuo vya ufundi stadi vya VETA, na wasichana wana nafasi humo sawa na wavulana. Binti anayejua kubadilisha washa ya boya ana ujuzi utakaomfaa nyumbani na kazini.

Pili kuhusu fundi. Kufunga koki, kuinua mfuniko, kuchora alama ya penseli, kusuuza washa, kurekebisha boya, kubadilisha mpira au diaframu: haya yote ni ya mwenye nyumba. Vifaa ni spana inayokunjuka, bisibisi, tredi tepu, kitambaa na ndoo. Tredi tepu izungushe kufuata mwelekeo wa kukaza, mizunguko mitatu au minne. Nati za plastiki kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana, ukizidisha zinapasuka.

Mwite fundi pale tangi la kauri linapopasuka, maji yanapotokea ndani ya ukuta, maji taka yanaporudi juu, au nyumba inapokosa koki ya kufunga maji ya choo. Akija kwa hilo la mwisho, mwombe aweke koki chini ya kila tangi. Koki hiyo ndiyo itakayokuwezesha kufanya mengine yote bila kumsubiri, na kuyafunga maji kabla hujasafiri.

Fundi akishakuja, simama naye. Muulize, "Fundi, ubovu ulikuwa wapi?" na mwombe akuonyeshe kifaa cha zamani. Fundi mzuri hufurahi kuulizwa, na kifaa hicho ndicho utakachokwenda nacho dukani safari ijayo.

Anza Jumamosi hii na lile jaribio la penseli. Lifanye pamoja na watoto, wapige wenyewe hesabu ya ndoo zinazopotea kwa siku na kwa mwezi. Maji yakikuta alama ileile baada ya nusu saa, rudisha mfuniko. Yakiwa yameshuka, umeshajua pa kuanzia, na mpira wa kununua una gharama ndogo kuliko hasara ya maji yaliyovutwa kutoka ziwani hadi kwako.